Aliye juu mngoje chini

Leo nataka kuzungumzia mtu ambaye hakuna anayempiga picha.

Ukimwambia mtu wa Nairobi kwamba Jumamosi unakwenda kupanda miamba, maswali huwa ni yale yale. Huogopi? Ukianguka je? Mikono haichoki? Mama anajua? Na akiwa ni mtu wa Pwani atacheka kwanza, kisha akuambie kwamba kukwea ni kazi ya wakwezi wa minazi, na wao wanalipwa. Wewe unakwea jiwe lisilo na dafu ili upate nini? Maswali mazuri yote, na hilo la dafu mpaka leo sijalipatia jibu. Lakini kwa miezi minane ambayo nimekuwa nikijifunza mchezo huu, hakuna hata mtu mmoja aliyeniuliza swali ambalo mimi ningeanza nalo: nani anakushikia kamba?

Maana mambo yako hivi. Anayepanda amefungwa kamba kiunoni. Kamba hiyo inakwenda juu mpaka kileleni, inapita kwenye karabina zilizofungwa kwenye mwamba, inarudi chini, na huku chini inaishia mikononi mwa mtu aliyesimama ardhini. Mtu huyo akilala, kamba ni pambo tu. Ile methali ya "aliye juu mngoje chini" tumezoea kuisema kwa kijicho kidogo, tukimsubiri mwenye maringo aporomoke. Kwenye mwamba maana yake inageuka. Kumngoja chini ndiyo kazi yenyewe, na unamngoja ili asiporomoke.

Haya, sasa tuseme ukweli. Hakuna anayekwenda kwenye miamba kwa hamu ya kushika kamba. Wote tunakwenda kupanda. Siku ya kwanza nilifika kwenye ukuta wa ndani, hapa hapa jijini, nimevaa viatu vya kukodi vinavyobana vidole kama adhabu, nikitazama vile vishikio vya rangi rangi vilivyokwenda mpaka darini. Mwalimu akatupita, akachukua kamba, akatuketisha sakafuni. Kwa saa nzima hatukugusa ukuta. Tulijifunza mikono tu.

Kifaa chenyewe ukikiona utadhani umepunjwa. Sisi tunakiita breki. Ni kipande cha alumini kinachoenea kiganjani, chenye matundu mawili. Unakunja kamba iwe kitanzi, unakipenyeza kwenye tundu, unapitisha karabina kwenye kile kitanzi, kisha unaifunga karabina kwenye hanesi, yaani ule mkanda wa kiunoni na mapajani. Basi. Hakuna meno, hakuna springi, hakuna betri. Kampuni moja ya Marekani, Black Diamond, iliita cha kwake ATC, kifupi cha jina la kazi ya wale wanaoongoza ndege kutoka mnarani. Ni utani, lakini utani wenye maana: rubani yuko hewani, na kuna mtu chini ambaye hapaswi kusinzia.

Breki hii inafanya kazi kwa sababu moja: kamba inakunjwa. Mkono wako wa breki ukiwa chini, karibu na nyonga, kamba inaingia kwenye kifaa, inakata kona kali kuizunguka karabina, ndipo inatoka kuelekea mkononi. Kwenye ile kona unazaliwa msuguano mkubwa kiasi kwamba mtu wa kilo 52 kama mimi anaweza kumzuia mtu wa kilo 80 bila kukunja uso. Lakini ukiuinua ule mkono juu, sambamba na kamba inayokwenda kwa mpandaji, kona inapotea, na msuguano unapotea nayo. Mwalimu alitufanya tujaribu tukiwa ardhini, mwenzako akivuta upande wa pili. Mkono juu, kamba inateleza kama tambi. Mkono chini, inasimama. Yule jamaa mwenye kifua kipana kuliko wote darasani alijaribu kuizuia mkono ukiwa juu, na akashindwa na binti aliyemfikia begani. Kila mtu alielewa bila mhadhara: nguvu zako si hoja, hoja ni pembe.

Kutokana na hapo ndipo inapotoka sheria moja ambayo ukisahau zote usiisahau hiyo. Mkono wa breki hauachii kamba. Kamwe. Si kwa kujikuna, si kwa nyuki, si kwa simu. Mpandaji akipanda hatua, kamba inalegea, na lazima uivute. Unavuta kwa mikono yote miwili, wa kushoto ukishusha kamba, wa kulia ukiitoa kwenye breki. Papo hapo mkono wa kulia unarudi chini nyongani. Mkono wa kushoto unakuja kushika kamba chini ya ule wa kulia, wa kulia unateleza juu mpaka karibu na kifaa bila kuiachia, kisha wa kushoto unarudi mahali pake. Vuta, shusha, shika, telezesha. Vuta, shusha, shika, telezesha. Niliimba wimbo huo ndani ya matatu, nikiwa nimefunga leso kwenye kiti cha mbele. Abiria wenzangu walinihama, nami sikuwalaumu.

Watu wa zamani hawakuwa hata na hiki kipande cha alumini. Mwaka 1929 Eric Shipton na Percy Wyn-Harris walikuwa wa kwanza kufika Nelion, kilele cha pili cha Mlima Kenya, mita 5,188. Zama zile kamba za kupandia zilikuwa za nyuzi za mimea, na mshika kamba aliizungusha kamba mwilini mwake au kwenye jiwe, akawa yeye ndiye breki. Mwaka 1943 Waitaliano watatu waliokuwa wafungwa wa vita walitoroka kambini Nanyuki ili wapande mlima huo huo, Felice Benuzzi akiwa mmoja wao, na sehemu ya vifaa vyao ilikuwa ni kamba za mkonge walizozitoa kambini kwao. Mkonge! Huo huo wa kufungia magunia. Wawili kati yao walifika Lenana, kisha wote watatu wakarudi kambini kwa miguu yao wenyewe. Nikikumbuka hilo, sina ujasiri wa kulalamikia viatu vya kukodi.

Sasa najua kuna atakayesema: lakini dada, siku hizi kuna vifaa vinavyojifunga vyenyewe. Ni kweli. Mwaka 1991 kampuni ya Ufaransa iitwayo Petzl ilitoa kifaa kiitwacho Grigri. Ndani yake kuna kipande kinachozunguka kamba ikivutwa ghafla, kikaibana. Jina lake limetokana na aina ya hirizi za Afrika Magharibi. Lakini watengenezaji wenyewe wanasisitiza kwamba mkono wa breki ubaki kwenye kamba wakati wote. Yaani mwenye kuuza hirizi anakuambia usiitegemee hirizi. Ni waganga wangapi watakuambia hivyo?

Baada ya wiki kadhaa za ukuta wa ndani tulikwenda Hell's Gate, ile hifadhi iliyo karibu na Naivasha iliyotangazwa mwaka 1984, ambako mtu anaruhusiwa kutembea kwa miguu na kuendesha baiskeli kati ya pundamilia. Ukiingia getini unakutana na mnara wa mwamba umesimama peke yake, kama mgeni aliyeachwa na basi. Unaitwa Fischer's Tower, kwa jina la Mjerumani Gustav Fischer aliyefika sehemu hizo mwaka 1883. Una urefu wa kama mita 25. Chini yake wamejaa pimbi, wanene, hawana haraka, wanaopanda jiwe lile lile bila kamba na bila kushukuru.

Hapo nilijifunza jambo ambalo kwenye ukuta wa ndani sikuwa nimelitilia maanani. Kamba za kupandia zinanyumbuka, na zimetengenezwa hivyo kwa makusudi. Kamba isiyonyumbuka ingemvunja mtu mgongo anapoanguka kwa kishindo. Kiwango cha Ulaya kinaruhusu kamba moja kunyumbuka mpaka asilimia 10 ikining'iniziwa uzito wa kilo 80. Sasa piga hesabu na mimi. Mwamba ni mita 25. Kamba inapanda mita 25 na kushuka mita 25, kwa hiyo mpandaji akiwa bado chini, kati yake na wewe kuna karibu mita 50 za kamba. Asilimia 10 ya 50 ni 5. Hata ikinyumbuka nusu ya hapo tu, mtu aliyepanda mita mbili akiteleza atafika chini, na wewe hujaachia kamba hata kidogo!

Ndiyo maana mita za mwanzo si za kusalimiana na waliokuja. Mshika kamba mzuri anaikaza kamba kuliko kawaida mwanzoni, anasimama karibu na mwamba, na macho hayabanduki. Mpandaji akifika juu zaidi kamba iliyo kati yenu inakuwa fupi, kunyumbuka kunapungua, na hapo unaweza kumpa nafasi apumue. Kamba iliyokazwa mno kwa mtu aliye juu nayo ni kero, inamvuta kama mtoto anayevutwa sikio. Kwa hiyo kazi si kukaza tu wala kulegeza tu. Kazi ni kujua sasa hivi anahitaji nini, na unajua kwa kumtazama. Mguu ukianza kutetemeka kama cherehani, jiandae. Akigusa kishikio kile kile mara tatu, jiandae. Akinyamaza ghafla mtu ambaye hunyamazi, jiandae zaidi.

Jambo lingine ni lugha, na hili limenifurahisha sana kama mtu wa maneno. Wengi wanatumia amri za Kiingereza walizozikuta. Sisi katika kikundi chetu tukaamua kutumia Kiswahili, na tukagundua haraka kwamba Kiswahili chetu cha Nairobi kina neno moja la hatari. Neno lenyewe ni "sawa".

Hebu fikiria. Upepo unavuma, mwenzako yuko mita 20 juu, anapiga kelele "Sawa!" Anamaanisha nini? Nimefika? Nishushe? Nimekusikia? Niko salama, unaweza kuitoa kamba kwenye breki? Sisi tunatumia "sawa" kujibu salamu, kukubali bei, kumaliza ugomvi na kumwondoa mtu asiyetaka kuondoka. Ni neno zuri la mjini, lakini halifai kushikilia roho ya mtu. Tumelipiga marufuku, pamoja na dada yake "poa".

Badala yake tuna maneno machache, kila moja na kazi yake. Kabla ya kuondoka ardhini mpandaji anauliza, "Umeshika?" Hapandi mpaka asikie, "Nimeshika." Anasema, "Napanda." Anajibiwa, "Panda." Akitaka kamba ivutwe ni "Kaza!" Akitaka nafasi ni "Legeza!" Akifika ni "Nishushe." Jiwe likidondoka ni "Jiwe!" na hapo hakuna kutazama juu, unajibana kwenye mwamba. Maneno yenyewe yanasikika tofauti hata upepo ukila nusu yake. Na kila amri hutanguliwa na jina la mtu, kwa sababu siku za Jumamosi mwamba mmoja unaweza kuwa na kamba nne, na "Nishushe" ya jirani isije ikakushushia wako.

Juu ya hayo kuna makubaliano yanayofanywa ardhini, kabla kelele hazijaanza. Ukifika juu, nitakushusha mimi, au utajishusha mwenyewe? Ukilala kwenye kamba unaamini kwamba mimi bado nimeishika. Kama mimi nilielewa kwamba utajishusha mwenyewe na nikaitoa kwenye breki, hakuna methali itakayotusaidia. Na jambo la mwisho kabla ya kupanda: ncha ya kamba iliyobaki chini inafungwa fundo. Kamba ya mita 60 inatosha mwamba wa mita 30 na si zaidi. Ukimshusha mtu kwenye mwamba mrefu kuliko ulivyodhani, ncha isiyo na fundo itapita kwenye breki kimya kimya, kama mkia wa nyoka unavyoingia shimoni.

Nimefika sasa kwenye jambo lililonifanya niandike haya yote. Yote niliyoyataja hapo juu ni ya mikono, na mikono inajifunza. Wiki sita zinatosha kwa mtu mwenye bidii. Lililokuwa gumu kwangu ni la mdomo.

Kabla ya kila safari ya juu, wawili mnakaguana. Mpandaji anamkagua mshika kamba: hanesi imefungwa, kamba imeingia kwenye breki upande sahihi, skrubu ya karabina imekazwa. Mshika kamba anamkagua mpandaji: hanesi imefungwa, kamba imepita sehemu zote mbili za hanesi, fundo la nane limekamilika na mkia wake ni mrefu wa kutosha. Unagusa kwa mkono. Hutazami kwa mbali ukatikisa kichwa. Inachukua nusu dakika.

Na si jambo la wanafunzi tu. Mwaka 1989, kule Buoux, Ufaransa, Lynn Hill, Mmarekani aliyekuwa miongoni mwa wapandaji bora kabisa duniani, aliipitisha kamba kwenye hanesi yake na hakumalizia fundo. Alipanda mpaka juu. Alipoegemea kamba ashushwe, ikachomoka. Alianguka zaidi ya mita 20, matawi ya mti yakampokea, na akapona na majeraha. Miaka minne baadaye, 1993, mwanamke huyo huyo akawa mtu wa kwanza kupanda njia ya Nose kule El Capitan, California, kwa mikono na miguu yake bila kujivuta kwa vifaa. Kwa hiyo usiniambie fundo husahauliwa na wazembe. Fundo husahauliwa na mtu yeyote aliyeitwa jina lake katikati ya kulifunga.

Tatizo ni kwamba sisi tumelelewa vingine. Mtoto mwenye adabu hamkagui mkubwa. Mgeni hakagui chakula. Mtu akikuambia "nimeshafunga", kumwomba umguse kiunoni uthibitishe ni kama kumwita mwongo. Tunaficha mashaka yetu ili tusimuaibishe mwenzetu, na tunaita hiyo heshima.

Nina rafiki, au nilikuwa naye, tulianza wiki moja. Kijana mwepesi, anapanda kunishinda mara mbili. Mwezi wa tatu hivi akaanza kukataa kukaguliwa. Nikisogea, ananigeuzia mgongo akicheka. "Kwani huniamini?" Siku moja aliongeza kwamba sisi waandishi wa habari tumezoea kushuku kila mtu. Nikamjibu kwamba mwandishi anayempenda mtu ndiye anayemsomea tena nukuu yake kabla haijachapwa. Hakucheka. Nikamwambia kwamba sitamshikia kamba mpaka nimeona fundo. Akatafuta mtu mwingine wa kumshikia, akapanda, akashuka salama, akanitazama kana kwamba amenishinda kesi.

Hatukugombana. Alipunguza tu salamu, halafu simu, halafu akawa anakuja siku ambazo mimi siji. Nakiri iliniuma, na bado inauma. Alikuwa mtu wa kuchekesha kwenye safari za Naivasha. Lakini nikijiuliza kama ningefanya vingine, najibu hapana. Maana kusalimika kwake siku ile hakukuthibitisha kwamba fundo halihitaji kukaguliwa. Kulithibitisha tu kwamba siku ile lilikuwa zima.

Kisha kuna Mzee.

Mzee si cheo cha kikundi, ni umri wake na namna tunavyomwita. Alianza kupanda miamba ya Lukenya, kile kilima kilicho pembeni ya barabara ya Mombasa ukishapita Athi River, kabla baadhi yetu hatujazaliwa. Anajua kila ufa pale kama mtu anavyojua vyumba vya nyumba yake. Ndiye aliyenirekebisha mkono wa breki mara mia bila kupaza sauti. Siku moja hapo Lukenya akaniambia, "Leo mimi ndiye napanda, wewe ndiye utanishika." Kwangu hiyo ilikuwa kama kuvishwa joho.

Alianza kufunga fundo. Katikati akaja mtu kuuliza funguo za gari. Mzee akaingiza mkono mfukoni, akazitoa, akaelekeza gari lilipo, akatania kidogo kuhusu nyani na vyakula vilivyoachwa wazi. Kisha akageukia mwamba, akapaka chokaa mikononi, akasema, "Umeshika?"

Neno "Nimeshika" lilikuwa ulimini. Watu wapatao kumi walikuwa wakitazama. Mimi ni mwanafunzi wake, umri wangu ni wa binti yake. Na kwa mbali, fundo lilionekana fundo. Nilihisi moto masikioni, ile haya ya mtoto anayetaka kusema jambo mbele ya wageni.

Nikasema, "Mzee, samahani. Naomba nione."

Akageuka. Nikasogea, nikashika. Fundo la nane lililokuwa kwenye kamba lilikuwa nusu tu. Kamba ilikuwa imepita kwenye hanesi na kurudi mara moja, imejishikiza mahali pake kwa kubanwa na nguo. Haikuwa imefuatishwa mpaka mwisho. Kwa mtu aliyesimama hatua tatu mbele, ilikuwa imekamilika. Kwa uzito wa mtu, isingedumu.

Hakusema kitu. Wala mimi sikusema. Alilifungua lote, mpaka mwanzo, akalifunga upya polepole, akanyoosha mikono pembeni kama mtu anayepimwa suti na fundi ili nimkague kwa nafasi. Nikagusa kila mstari. Nikageuza breki yangu, naye akaigusa, akaikaza skrubu ambayo ilikuwa tayari imekazwa. Akasema, "Asante, mwanangu." Kisha, "Umeshika?"

"Nimeshika."

"Napanda."

"Panda, Mzee."

Akapanda. Hakuanguka, hakuteleza hata mguu. Kama ungekuja dakika tano baadaye, ungeona mzee wa mvi akipanda taratibu na msichana chini akivuta kamba, na ungesema hapa hakuna habari. Ungekuwa sahihi. Katika kazi yangu habari ni kitu kilichotokea. Kushika kamba ni kazi ya kuhakikisha kwamba kitu hakitokei, na ndiyo sababu hakuna anayempiga picha anayeifanya.

Wakati wa chai mmoja wetu akaanza kumtania Mzee kwamba umri umeingia. Mzee akaweka kikombe chini. Akamwambia kwamba mwaka huu amefunga fundo hilo mara nyingi kuliko siku ambazo yeye ameishi Nairobi, na kwamba hilo ndilo tatizo lenyewe: mkono unaojua sana haumwiti tena mwenyewe aangalie. Utani ukaishia hapo. Tangu siku hiyo hangoji nimwombe. Akimaliza kufunga, anakuja mwenyewe mpaka niliposimama, analiinua fundo kwa kidole, ananyamaza mpaka niliguse.

Nimejifunza hapo kwamba heshima ya kweli ilikuwa ni kumuuliza. Kunyamaza kungekuwa ni kuulinda uso wake na kuuacha mgongo wake. Kuuliza si ujinga, tumeimbiwa tangu shule ya msingi, lakini hakuna aliyetuambia kwamba kuuliza kunaweza kuwa ni namna ya kumpenda mtu.

Kama wewe unayesoma unafikiria kuanza, nakushauri hivi. Usikimbilie kupanda. Mwombe mwalimu akufundishe kamba kwanza, na usimame nyuma ya mshika kamba mzoefu siku nzima, ukiwa umeshika ule mkia wa kamba kama mkono wa akiba. Utaona mambo ambayo juu hayaonekani. Simu iache kwenye mkoba, wala si mfukoni. Vaa kofia ngumu hata ukiwa chini, kwa sababu mawe hudondokea walio chini. Na kabla hujakubali mtu yeyote akushikie, mtazame akimshikia mwingine. Mtazame mkono wake wa breki, si mdomo wake.

Atakayekukagua bila kuombwa, mshike huyo huyo. Jumamosi hii tunarudi Lukenya, na shingo yangu bado inauma kwa kutazama juu wiki iliyopita. Wakongwe wanasema haizoei. Tutaonana, wapendwa.